Meno ya Kinyozi

"Mama, baba watoto analala humo ndani, au mmeweka mashine ya kusaga?"

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliniuliza hivyo mwaka juzi tukianika nguo. Nilicheka, nikamjibu kwamba anayekoroma amelala vizuri, na mume wangu anastahili, maana anasimama kutwa.

Mume wangu ni kinyozi. Ana kiti kimoja, kioo chenye ufa na mkono mwepesi. Ila kila siku aliamka kichwa kikimgonga, mdomo mkavu, na kazini akasinzia. Kuna siku alisinzia wembe ukiwa shingoni mwa mteja. Hakumkata, Mungu ni mwema. Watu wakataniana kwamba kwake uende na mto wako. Utani ukaisha, na wateja nao wakaisha.

Sisi tulilaumu meno. Tuliamini kichwa cha asubuhi hutoka kwenye magego, basi yakang'olewa, leo moja, kesho jingine, kwa muda wa miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemsihi. Kichwa hakikupona.

Mwezi uliopita tulikwenda kung'oa jingine, tukamkuta daktari wa meno mgeni, binti mpole. Hakushika koleo. Alimtazama ulimi na koo, akayatazama meno machache yaliyobaki yalivyolika kwa kusagana usingizini, kisha akanigeukia mimi. Akauliza kama mume wangu akikoroma kuna wakati hunyamaza ghafla, halafu hushtuka kama mtu aliyeibuka majini. Nikasema ndiyo, kila usiku, na akinyamaza mimi husema asante Mungu, nikapata usingizi.

Daktari aliinamisha macho. Akatueleza kwamba hapo koo hujifunga na pumzi hukatika. Akamwandikia kwenda hospitali kubwa kupimwa akiwa amelala, na majibu yakawa hayo hayo. Kipo kifaa cha mdomoni ambacho daktari huyo mwenyewe hutengeneza, huvuta taya la chini mbele ili hewa ipite. Lakini lazima kishikwe na meno, na ya mume wangu hayatoshi tena. Mashine ya kupulizia hewa inasubiriwa na wengi, jina la mume wangu liko mwisho kabisa wa orodha.

Kile kiti cha kunyolea nimekifunika shuka, maana hashiki tena wembe. Nasali, ila siku hizi maneno hunikwama katikati.

Jana mchana, kabla hajajinyoosha kitandani, alinishika mkono.

"Mama watoto, nikinyamaza usishukuru. Niamshe."