Mbingu ya Debe

Baba yangu alitufundisha kuogopa nyota kwa fimbo ya mpera. Sisemi hivi kumchafua marehemu, maana alitupenda, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kijiji chetu kilikuwa karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, na ng'ambo ya mto Wareno walikuwa wakipigana vita yao. Ndege zao wakati mwingine zilipotea njia, au zilijifanya zimepotea, zikapita juu ya mikorosho yetu. Kijiji cha jirani kilipigwa bomu. Nilimwona mama mmoja akiokota vilivyobaki vya mwanawe na kuvitia kwenye kanga, akiwafukuza kuku huku anawatukana matusi ya nguoni.

Baada ya hapo baba, aliyekuwa mgambo, alichimba handaki nyuma ya nyumba na kututungia sheria. Nyota inayotembea ni ndege. Ukiiona usiulize, kimbia. Mara nyingi jioni, tukiwa tunamenya muhogo, alipiga kelele ghafla kutujaribu, "Inatembea!" Tulitupa visu tukakimbia, na wa mwisho kuingia handakini alichapwa. Wa mwisho kila mara alikuwa mdogo wangu wa darasa la kwanza, kwa kuwa miguu yake ilikuwa mifupi. Niliichukia fimbo ile, na mpaka leo nikiikumbuka nasaga meno. Wazazi wengine waliona baba ni mtu wa maana sana, wakaiga. Ikawa kijiji kizima kinalea watoto kwa mtindo huo.

Mwalimu wetu alikuwa Mkristo, mtu wa bara, kijana mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka shule ya Rahaleo mjini. Alishangaa kuona watoto hawainui macho likishazama jua. Alikuwa na picha aliyoikata gazetini, ya jumba la Ulaya lenye paa la mviringo, ambamo watu huketi mchana kweupe wakionyeshwa nyota za kutengenezwa.

"Na sisi tutakuwa nalo," alisema. Tulicheka mpaka machozi, tukidhani bara limemwachia kichaa.

Alichukua debe la mafuta ya taa akalitoboa kwa misumari, tundu pana kwa nyota kubwa, tundu jembamba kwa nyota ndogo. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, akaazima ghala. Tukaziba madirisha kwa magunia, na mlango akaufunga kwa komeo ili mtu asije akaufungua na kuingiza mwanga. Tulikuwa darasa la kwanza na la nne pamoja, tumebanana sakafuni. Akawasha karabai juu ya meza, akaifunika kwa lile debe.

Jamani! Nimeishi miaka mingi na sijaona tena kitu kizuri namna ile. Kuta chafu za ghala zilijaa nyota, na darini nako, na kwenye vipara vya wenzangu. Juu ya mizani ya korosho kilining'inia Kilimia, zile nyota ndogo zilizosongamana ambazo bibi yetu alizitazama kujua majira ya kulima. Mdogo wangu alinibana mkono.

"Dada, hizi haziui?"

"Haziui," nilimjibu, na niliamini.

Mwalimu akasema sasa tutaona jinsi usiku unavyopita. Alishika debe kwa kitambaa, maana lilikuwa la moto, akaligeuza polepole. Nyota zote zikaanza kutembea kwa pamoja.

"Zinatembea!" mtoto mmoja alipiga ukelele nyuma yangu.

Hatukuuliza. Tulikuwa tumefunzwa tusiulize. Ghala zima liliinuka na kuuvamia mlango, meza ikapinduka, kioo cha karabai kikapasuka, giza likawa totoro. Mkono wa mdogo wangu ukachomoka mkononi mwangu. Nilipiga kila aliyekuwa mbele yangu. Nilimng'ata mtu begani mpaka nikaonja damu, sijui alikuwa nani na wala sitaki kujua. Mlango ule ulifungukia ndani, na sisi tulikuwa tumeulalia. Mwalimu alikuwa akipiga kelele tukae chini, kisha akaacha kupiga kelele akaanza kututupa nyuma mmoja mmoja kama magunia, hadi akalifikia komeo.

Mwanga ulipoingia, mdogo wangu alikuwa chini kabisa, kizingitini. Mguu wake ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Nilidhani amekufa. Nikamwita mara nyingi ndipo akafumbua macho.

Watu walitoka mashambani na mapanga yao. Baba alitangulia, fimbo mkononi.

"Nani kamuua ntoto wangu?"

Watu wakamwonyesha mwalimu mle ghalani. Baba hakungoja maelezo. Alimpiga usoni, shingoni, mgongoni alipoanguka, na wengine wakaongeza mateke. Mmoja alisema debe lenye matundu ni ramani ya Mreno, basi mateke yakazidi. Mwalimu alikinga kichwa kwa mikono, akirudia, "Mtoto anahitaji zahanati! Mpelekeni mtoto zahanati!" Nilining'inia kwenye mkono wa baba nikamng'ata naye, akanikung'uta nikaanguka. Akainua tena fimbo.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoiona.

"Baba, usinichape!" alilia. "Walinikanyaga, baba! Nilikimbia! Nilikimbia!"

Mateke yakakoma. Baba aliitupa fimbo, akainama amnyanyue. Mdogo wangu alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe chochote, akajiburuta nyuma na ule mguu, akaburutika juu ya vioo vya karabai mpaka alipolala mwalimu, akamshika shati.

"Njoo, mwanangu," baba alisema. "Njoo kwangu." Kila alivyosogea, mtoto alizidi kupiga kelele, mpaka wanawake wakamwambia baba asimame mbali.

Mwalimu alijiinua. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa na damu ikimchuruzika puani. Alimfunga mguu kwa vipande vya mbao za sanduku na kamba ya katani, akambeba. Hakuna aliyemzuia. Nilitembea kando yake nikimshika mdogo wangu kidole cha gumba, na baba akafuata nyuma yetu njia nzima.

Kule zahanati mganga alimlaza kitandani, akachukua mkasi. Alimtazama mwalimu na uso wake uliovimba, akamtazama na baba aliyesimama mlangoni.

"Huyu mtoto, baba yake ni nani kati yenu?"

Mdogo wangu alinyoosha mkono akamgusa mwalimu. Mwalimu alifungua kinywa amsahihishe mtoto, lakini baba alimtikisia kichwa asiseme kitu, akatoka akaenda kukaa nje.