Wa Kuulizwa Njia

Mjukuu wangu wa kike alipokuja kunifungia kamera mbili, moja getini na moja uani, alikaa sebuleni muda mrefu na simu yake, anabonyeza mipangilio ya ile ruta ya intaneti. Nikamuuliza mbona hamalizi.

"Bibi, nachagua DNS. Hizi kamera kabla ya kupeleka picha popote lazima ziulize njia. Huyo anayeulizwa anajua kila tunachokitafuta humu ndani. Nataka awe wa siri, tumuulize kwa kunong'ona, wa njiani wasisikie."

"Na akiwa si mwaminifu?"

"Anakupeleka kusiko, na wewe unaona umefika."

Nikamwambia achague asiye na maneno mengi, maana hilo jambo nalijua tangu Manzese. Akacheka. Mie sikucheka.

Manzese ya miaka ile ya ruksa nyumba zetu hazikuwa na namba wala vichochoro majina. Mgeni akishaiacha barabara ya Morogoro lazima aulize, na wa kuulizwa alikuwa mmoja, mwenye duka la kona. Kibanda chake kilianza na viberiti na mafuta ya taa. Biashara zilipofunguliwa kikajaa sabuni za kila rangi, betri, kandambili, biskuti za kutoka nje. Kila mtu alimjua. "Kwa mama vitumbua? Kata hapo kwenye karo la maji machafu, nyumba ya tatu, mlango wa kijani." Mama vitumbua ni mie. Jioni nikienda kununua chumvi, ananipimia na habari zangu mwenyewe: "Leo umepata wageni wawili, mama. Yule mnene alibeba kifurushi. Cha nini?" Namjibu kwa ukali, lakini kesho narudi. Tulizoeana.

Binti yangu wa pili alikuwa fundi cherehani, mpole wa mdomo, mkali wa mkasi. Akapata mchumba, kijana wa Kigamboni, na wazee wa kijana wakatuma salamu kwamba Jumapili baada ya Alasiri wataleta posa. Kijana mwenyewe sikuwa nimemtia machoni, na haongozani na posa yake, ndiyo desturi. Baba wa watoto alikwishafariki, kwa hiyo nikamwita kaka yangu, mjomba mtu, aje kupokea. Nikapika pilau, nikatandika mkeka mpya. Binti akajifungia chumbani na mashoga zake, mara anavaa kanga hii, mara anaivua.

Alasiri ikapita. Pilau nikaipalia makaa mara ya pili. Mjomba akaanza kukohoa bila kikohozi. Chumbani kwa binti nikasikia cherehani inaanza kwenda. Anashona siku ya posa yake, na kanga mpya mwilini. Hapo ndipo nilipoumia. Msichana akitangaziwa posa na wazee wasifike, kesho bombani atatazamwa mpaka ndoo imdondoke.

Mara kutoka uchochoro wa nyuma tukasikia vigelegele.

"Kuna nini huko?" mjomba akauliza.

Jirani aliyekuwa ananisaidia vyombo akachungulia uani, akarudi ameshika mdomo. "Posa hiyo. Kwa dada wa mwenye duka. Wazee watatu, wanasema wametoka Kigamboni."

Mama wa binti hawafuati wazee wa posa. Hilo naomba vijana walijue. Mie nilijifunga kanga kiunoni nikaenda.

Niliwakuta mikono ina mafuta, wanakula wali wa nazi. Barua ya posa iko kwenye sinia, imefunikwa kitambaa cheupe. Nikaelewa papo hapo. Posa ya kwetu haikimbilii kutaja jina la mtu. Mzee anasema tumeona ua katika bustani yenu, na kila mwenye binti ana ua. Walisema ua, wakaambiwa karibuni.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama."

"Mnatafuta binti wa nani?"

Mkubwa wao akafuta mdomo. "Wa mama vitumbua, yule fundi cherehani. Si ndiyo hapa? Mwenye duka kafunga duka, katuleta mwenyewe mpaka mlangoni."

"Na mlipofika hamkuuliza?"

"Tulikaribishwa chakula, mama."

Mama mwenye nyumba akasimama kidete. "Mgeni kaja mlangoni kwangu na kitambaa cheupe, nimfukuze? Riziki haina anwani!"

Nilikuwa na neno la kumjibu, tena kubwa. Lakini nyuma ya pazia nikamuona binti yake, kapakwa wanja haraka haraka jicho moja, la pili bado. Amesikia yote. Kosa hakuwa nalo yule mtoto. Kwangu nimemwacha mmoja anaumia, na sasa nina wawili.

Lile neno nikalimeza. Nikasema, "Wazee, mmefikia kwa dada yangu, mmekula, Mungu ambariki. Sasa inukeni, mjomba wa binti anawasubiri." Nikajitwika sinia na barua yake. Mwenye nyumba akanitazama, nikamtazama. Akavuta mtandio wake akanifuata, anapiga vigelegele njia nzima mpaka kwangu, kana kwamba tulipanga. Kwa hilo namuombea heri mpaka leo.

Kwangu walikula tena. Mzee mkubwa alitafuna macho yamemtoka, na mjomba anamsogezea nyama kusudi: "Kula, mzee wangu, umechoka kutembea."

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani. "Jana ulifanya nini?"

"Mama, nilidhani binti yako bado mdogo."

"Shati ulilovaa kakushonea nani?"

Akainama. Akachezea mizani. "Mpwa wangu hajawahi kuulizwa na mtu, mama. Kila siku mie nawaelekeza watu nyumba za wenzake."

Nikanunua chumvi yangu, nikaondoka. Lakini njia yangu niliihamisha. Karibu na bomba alikaa mama wa mkaa, mtu mzima, anajibu kwa kidevu. Ukiuliza, anakunyooshea kidevu kule, anarudi kupima mkaa wake. Hakuulizi umebeba nini, wala jioni hamhadithii mtu. Nilipomuomba awaelekeze wageni wangu alisema, "Haya," basi. Nikawapa jamaa zangu wote agizo: dukani nunueni, njia msiulize. Na mlangoni nikatoboa tundu kwa msumari wa moto, usawa wa jicho langu, nimuone anayekuja kabla hajaniona.

Ikabaki siku ya wazee kurudi kuchukua jibu. Nikamkuta binti kwenye cherehani, nikamwambia nimeshawapelekea maagizo: washuke wapi, wamuulize mama wa mkaa, wakate kwenye karo lipi. Safari hii hawapotei.

Hakuinua kichwa. "Si awasindikize yeye mpaka kwenye kona? Njia anaijua."

"Nani anaijua?"

"Kijana mwenyewe, Mama. Alikuwa analeta suruali kufupishwa, moja moja. Asubuhi, ukiwa kwenye vitumbua."

"Suruali ngapi?"

Akakanyaga pedali, cherehani ikaenda mbio, ikabidi apaze sauti.

"Tano."