Kumpeleka Mama Mkwe Saanane Kumwona Simba

Sisi watu wa Nyakato tuna kawaida ya kulalamika kwamba Mwanza hakuna pa kwenda siku ya mapumziko. Mimi mwenyewe nimelalamika hivyo kwa miaka mingi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba. Jumamosi moja baada ya Pasaka nilisafiri na familia yangu hadi kisiwa cha Saanane, ambacho ukisimama Capri Point unakiona bila kukunja uso. Nawaeleza majirani zangu safari ilivyokuwa, hatua kwa hatua, ili wanaotaka kwenda wajiandae, hasa wenye wakwe.

Sababu ya safari ilikuwa macho. Mama mkwe wangu aliletwa kutoka Majita kuja kutibiwa hapa mjini. Daktari alimpima, akatuambia ni presha ya macho. Alichobakiwa nacho ni sehemu ndogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hiyo nayo itaziba. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Hakusema ingechelewesha kwa muda gani, na sisi tuliogopa kuuliza. Tukiwa njiani kurudi nyumbani tulipopita Mabatini, mama mkwe alimwambia binti yangu Neema, "Mimi sijawahi kumwona simba. Nilikuwa nawasikia nikiwa mtoto. Wakija zizini sisi tunafungiwa ndani, asubuhi tunaoneshwa nyayo."

Alimwambia Neema, lakini maneno yalinilenga mimi. Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo safari haitaeleweka. Kwetu Sengerema, na kwao Majita vilevile, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, hakai naye kiti kimoja, wala hamkazii macho. Ni heshima, na tumeizoea. Anayekosea hutoa mbuzi, mbuzi akaliwa, na kila mtu akarudi mahali pake kama zamani. Kaka yangu aligongana na mkwewe kwenye mlango wa jiko, naye alitoa mbuzi ingawa ni mkwe ndiye aliyekuwa anakimbia. Katika miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa nimemwambia mama mkwe "shikamoo" tu, kutoka mbali, naye akanijibu "marahaba" akiwa ameangalia ukuta. Mengine yote yalipita kwa Neema.

Saa mbili asubuhi tuliondoka Nyakato kwa bajaji. Mama mkwe, mke wangu na Neema walikaa nyuma. Mimi nilikaa mbele na dereva kwenye kiti chake, nusu yangu ndani, nusu nje. Dereva aliniuliza kwa nini nisibanane na wenzangu kule nyuma. Nilimwambia yule ni mama mkwe. Akanisogezea nafasi.

Tulipofika ufukweni tulisimama kuliona Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini ambalo kila mgeni hulipiga picha na kila mwenyeji hulipita.

"Neema, mwulize baba yako nani aliliweka pale," alisema mama mkwe.

"Mwambie bibi hakuna aliyeliweka. Liko hivyo hivyo."

"Mwambie sawa."

Tulipiga picha ya familia. Kwa kuwa sikuweza kusimama karibu na mkwe, nilisogea pembeni, na pembeni kulikuwa na watu wengine wanapiga picha yao. Katika picha yetu naonekana kama baba wa familia ile nyingine. Nimependeza.

Capri Point tulivalishwa majaketi ya kuokolea na tukapanda boti. Tatizo la boti ile ni kwamba viti vinatazamana. Niliangukia kiti kilichoelekeana na mama mkwe, magoti kwa magoti, na boti ilikuwa imeshang'oa nanga. Nilipinda shingo nikaangalia maji mpaka tulipofika. Nayajua maji ya upande ule vizuri sana sasa. Safari yenyewe ni fupi, ashukuriwe Mungu.

Kisiwani tulipokelewa na mwongozaji, kijana mchangamfu aliyetuonesha swala, tumbili, na kenge aliyekuwa anaota jua. Njia ni za mawe, kupanda na kushuka. Mke wangu alimshika mama yake mkono huu, Neema mkono ule, na mimi nilitangulia nikisema kwa sauti kama mtu anayejisemea, "Hapa pana jiwe. Hapa panateleza." Mama mkwe alikuwa anainua mguu palepale ninaposema. Alikuwa anaona kitu kimoja kimoja. Swala alimwona masikio, halafu miguu, akauliza kama ni yule yule.

Saa sita tulikula viazi vitamu na samaki tuliowabeba. Wao walikula kwenye meza, mimi nikala nyuma ya jiwe kubwa pamoja na pimbi wawili ambao hawakuwa na mkwe.

Baada ya chakula tukaenda kwa simba. Uzio wake ni mkubwa, ndani kuna majani na mawe yenye rangi ileile ya simba. Mwongozaji alituambia amelala huko ndani, tutazame kwa subira, kisha akaitwa na wageni wengine. Tulitazama. Neema hakuona kitu. Mke wangu alisema anamwona, akamgeuza mama yake kichwa, akamwelekeza.

"Hilo ni jiwe," alisema mama mkwe.

Na kweli lilikuwa jiwe.

Mimi ndiye niliyemwona. Lilikuwa sikio moja, kwenye kivuli, chini ya mti mdogo. Likacheza.

"Neema, mwambie bibi atazame ule mti mdogo."

"Bibi, tazama mti mdogo."

"Miti iko mingi. Mwulize upi."

"Ulioinama. Mwambie kulia kwake."

"Baba, kulia kwako au kulia kwa bibi?"

Simba akainua kichwa. Alikuwa dume, mwenye manyoya meusi shingoni. Alipiga miayo, akaanza kujikusanya kama mzee anayetaka kuondoka kwenye kikao. Nyuma yake palikuwa na mawe makubwa, na ilionekana wazi kwamba akiinuka ataingia huko. Mama mkwe alikuwa anatazama mti mwingine kabisa, macho kayakodoa, akisema polepole, "Simwoni. Neema, mimi simwoni." Niliisikia sauti ile na roho ikaniuma. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri.

Nilimshika kichwa kwa mikono miwili, juu ya kitenge alichojifunga, nikakigeuza. "Hapo, mama. Shusha kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo."

Alitulia. Simba naye alikuwa amesimama, anatutazama. Nilihisi kichwa cha mama mkwe kikisogea taratibu mikononi mwangu, kikimfuata simba kutoka puani mpaka mkiani, kisha kikarudi usoni.

"Kumbe ana uso," alisema. "Uso wa mtu aliyeamshwa."

Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Simba akageuka, akaingia kwenye mawe yake, na mimi nikagundua kwamba mikono yangu bado iko kichwani kwa mama mkwe.

"Baba Neema," alisema mke wangu.

Niliitoa mikono, nikaiweka nyuma. Mama mkwe alijifunga kitenge upya bila haraka.

"Neema," alisema, "mwambie baba yako hiyo ni mbuzi."

"Mwambie bibi nimesikia."

Saa tisa tulirudi kwenye boti. Kuna hatua pana kidogo kutoka gatini kuingia ndani, na maji yalikuwa yanaisukumasukuma boti. Mke wangu na Neema walikuwa wameshaingia. Mama mkwe alisimama ukingoni akatafuta kwa mguu, akaurudisha. Kisha akanyoosha mkono upande wangu. Niliangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu.

"Shika," alisema, na safari hii hakumtuma Neema. "Mbuzi ni yule yule."

Nikamshika. Kwenye bajaji aliniambia nikae nyuma, nisije nikaanguka barabarani nikawaacha watu na mazishi. Nilikaa nyuma. Dereva alitutazama kwenye kioo mpaka Nyakato.

Niliyojifunza ni haya: Saanane ni karibu, vaeni viatu visivyoteleza, na kwenye uzio wa simba msihangaike na mawe, tazameni chini ya mti ulioinama. La mwisho nimejifunza baada ya kurudi. Wiki ileile nilinunua mbuzi, beberu mzuri mwekundu, nikamfunga uani nikisubiri siku ya kumchinja ili mambo yarudi kama zamani. Mama mkwe alisema bado. Mwezi uliofuata nikamkumbusha, akasema mbuzi hajanona. Sasa mbuzi amenona mpaka anatembea kwa taabu, na amemaliza mchicha wote wa mke wangu.

Lile tundu la kuonea limeshaziba. Kilichobaki ni mwanga na giza. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini mama mkwe hutoka mpaka mlangoni, akaegemea fremu, akasikiliza uani.

"Mbuzi yupo?"

"Yupo, mama."

"Basi lete mkono."