Mti wa Kamba za Nguo

Waliomwona Mutheu akikatiza mtaa wa Kaloleni na viatu vya mpira vya marehemu mumewe walidhani ni mjane aliyeishiwa. Walijidanganya. Chini ya kitanda chake kulikuwa na msumeno wa petroli, ule mafundi wanaouita pawasoo, na hakuna mtu aliyeyajua meno yake kumshinda.

Nyamai, mumewe, alipasua mbao kwa msumeno huo miaka kumi na mitatu, popote mti ulipoangushwa. Na miaka yote hiyo Mutheu ndiye aliyeshika ncha ya pili ya uzi. Ndiye aliyeponda unga mweusi wa betri kuukuu, akauchovya uzi humo, wakaukaza juu ya gogo na kuufyatua, ukaacha mstari ulionyooka wa kufuatwa na msumeno. Jioni ndiye aliyenoa kwa tupa, jino baada ya jino. Sifa alipewa nani? Fundi Nyamai, bila shaka.

Nyamai alipofariki mapema mwaka wa tisini na saba, mdogo wake Kimanzi, dereva wa lori aliyeishi mtaa wa Umoja, alitangaza kwamba msumeno ni mali ya ukoo na wa kuurithi ni mwanamume. Mutheu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, na msumeno akauacha pale pale chini ya kitanda.

Mwisho wa mwaka ikaja ile mvua ya El Niño. Alhamisi moja mjakaranda mkubwa nyuma ya nyumba za akina Mutheu uling'oka, ukaziba njia na kuponda vibanda vya mboga vya akina mama. Hakufa mtu, Mungu ni mwema, ila meza hazikusalia. Jumamosi Kimanzi akafika, akainama chini ya kitanda cha watu kama amekiweka yeye, akatoka na msumeno.

"Shemeji, huo mti nitaupasua mimi," Mutheu akamwambia.

"Mama Kavinya, hii kitu itakukata mguu. Wachia wanaume."

"Basi ngoja nikwambie kitu kuhusu huo mti."

"Utaniambia nini? Mti ni mti."

Akawasha. Hata dakika haikuisha. Cheche ziliruka, msumeno ukapiga yowe, na Kimanzi akarudi nyuma akiwa amebadilika rangi. Ndani ya gogo mlikuwa na msumari.

"Huu mti ni chuma tupu, uchomeni!" alifoka, akautua msumeno matopeni. "Na hii, Jumamosi ijayo nakuja na mtu wa kuinunua."

Mutheu alikasirika. Msumeno ule ndio kazi pekee aliyoijua, na huyu bwana alitaka kuiuza kwa sababu ameshindwa kuuliza swali moja. Aliketi kizingitini na tupa, akanoa mpaka giza likamwondoa. Meno mawili hayakuokoka, akasema yaliyobaki yatatosha.

Jumatatu aliwaita wanawake wa mstari wao wa nyumba. Mjakaranda ule ndio waliofungia kamba za kuanikia nguo, wao na waliowatangulia, na kila msumari ulimezwa na gome mti ulipozidi kunenepa. Mutheu aliliona jambo jepesi: msumari wa kamba hauzidi mkono wa mwanamke unapofika. Akatandika gunia kando ya gogo, akamlaza jirani yake Kezia juu yake, miguu shinani, mkono umenyooshwa juu.

"Mume wangu akipita hapa atajua nimekufa," Kezia akasema, na wote wakacheka.

Pale vidole vyake vilipofika, Mutheu akaweka alama ya mkaa. Kila mmoja akalala kwa zamu, wafupi na warefu, akionyesha upande aliofungia kamba yake. Bibi Mbeti, mkongwe wao, akakumbuka misumari mingine juu zaidi, ya picha za kampeni, kwa kuwa vijana walioipigilia waliazima ngazi yake na hawakuirudisha. Kwa shoka, patasi na koleo waling'oa jumla ya misumari ishirini na mitatu.

Ndipo Mutheu akavuta kamba ya kuwashia. Wanaume walisogea kuangalia mguu ukikatika. Mguu haukukatika. Kezia alishika ncha ya pili ya uzi, mstari mweusi ukalala, na mbao zikaanza kuanguka moja moja, zenye weupe wa maziwa. Kila mwenye kibanda alipata za meza yake.

Jumamosi Kimanzi akaja na mnunuzi. Alikuta mbao zimepangwa, vijiti katikati zipate hewa, na wanawake wamesimama mbele ya mlango.

"Nani amekupasulia?"

"Mimi."

"Sawa, lakini msumeno ni wa ukoo. Lete."

Mutheu aliingia ndani. Alitoka na msumari uliopinda, kichwa chake kimekwanguliwa, akauweka kwenye kiganja cha shemejiye.

"Huu ndio uliokushinda. Niliupiga mwenyewe mwezi aliozaliwa Kavinya, nikaanika nepi za mtoto wa ndugu yako. Nilitaka kukuambia, ukasema mti ni mti. Huo ndio urithi wako, shemeji, nenda nao Umoja. Msumeno una kazi Jumatatu."