Uji wa Nzi

Mtaani walimwita Bwana Nzi, wala hakuchukia. Alikuwa akichunguza uzee, na aliuchunguza kupitia wale nzi wadogo wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kwa miaka mingi alichagua waliodumu zaidi akawazalisha, kizazi baada ya kizazi, hadi akapata ukoo wa nzi wanaoishi karibu maradufu ya wenzao. Ukoo ule ukifa mara moja tu, basi, kazi yote imekwenda na maji.

Sasa mfadhili akajitoa, maabara ikafungwa, na msomi wetu akarudi nyumbani na shahada ya uzamivu na katoni ya chupa. Akazipanga juu ya kabati la chumbani. Mkewe, fundi wa kushona, akazitazama chupa, akamtazama na yeye.

"Yaani nimeolewa na msomi ili nilale na nzi?"

"Ni mpaka nipate nafasi, mke wangu."

Nafasi yenyewe sasa. Kila jioni alipekua matangazo ya vyuo vikuu: huyu anataka mtu wa panya, yule wa saratani, mwingine anataka kijana aliyehitimu juzi lakini mwenye uzoefu wa babu yake. Wengi hawakujibu. Waliojibu walimtakia kila la heri, na heri hailiwi.

Nzi nao walitaka kula. Chakula chao ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira, unamiminwa chupani ugande. Mwanzoni aliupika mwenyewe, akaunguza sufuria, mkewe akampokonya mwiko. Tangu hapo akawa anapika yeye, huku akinung'unika kwamba hata mawifi zake hawajawahi kumtumikisha hivi. Chupa akazishonea vifuniko vya mabaki ya magauni.

Hatimaye chuo kimoja cha mbali kikamwita kwenye usaili. Profesa, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja: hao nzi wako hai?

"Wako hai."

"Basi walete uanze kazi. Bila wao, waombaji ninao wengi."

Kesho yake alirudi nyumbani kifua mbele. Mlangoni akapokewa na harufu ya dawa ya wadudu. Shangazi yake alikuwa amekuja kuwatembelea, ameketi sebuleni ametulia zake, kopo la kupulizia miguuni.

"Nyumba yenu ina nzi mpaka chumbani, mwanangu. Nimewamaliza."

Akaingia chumbani. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Hakumlaumu shangazi wa watu, aliyejitolea kusafisha nyumba. Akajikongoja hadi kwenye chumba cha ushonaji, ili mkewe asikie habari hizi kutoka kwake.

Chupa zilikuwa pale, kwenye rafu ya nyuzi. Ndani yake nzi walipanda na kushuka kama kawaida.

"Shangazi yako alifika jana na lile kopo mkononi," mkewe alisema, bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Ulidhani ningewaacha naye?"

Bwana Nzi alichukua chupa moja, akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Nimepata nafasi. Wanataka niende nao."

Cherehani ikanyamaza.

"Na huko nani atawapikia?"

"Chuo kina mtu wa kazi hiyo."

"Anajua hawataki uji wenye mabonge?" Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa alichokuwa anashona, kisha akavuta kiti. "Haya, kaa. Wenzio wameshakula, wewe bado."