Mashuka ya buluu ya mama mkwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtu mmoja mrefu aliyevaa sweta lililochakaa kwenye viwiko anawasha kompyuta, anaketi, kisha anasoma jina la mahali kwa sauti. Analisoma tena. Ndipo anapotazama kama mvua itanyesha.

Wenzake wanamwita Bwana Mvua. Zamani jina hilo lilimfurahisha. Siku hizi akiitwa huitika huku akitazama sakafu.

Chumba chake kiko pembeni mwa kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Kina meza, birika la umeme na dirisha linalotazama mabwawa matatu ya maji taka. La kwanza ni jeusi tii. La pili limefifia. La tatu lina buluu hafifu, ungedhani ni maji yaliyosuuza kanga mpya. Hapo pana bomba lenye valvu ya gurudumu la chuma, na nyuma ya ukuta unapita mto.

"Zamani bwawa likijaa tulifungua tu," anasema. "Mto umejaa, mto umekauka, shauri yake. Tukanawa mikono, tukaenda kula."

Sasa mambo yamebadilika. Kila siku kompyuta inachota habari za nje ya kiwanda: utabiri wa mvua ya milimani mto unakoanzia, kina cha maji ambacho idara ya maji hukiweka kwenye tovuti yake, na maneno ambayo wakazi wa bondeni huyaandika hadharani mtandaoni kuhusu mto wao. Mto ukijaa, maji yaliyosafishwa huachiwa polepole, yakachanganyika bila kumdhuru mtu. Ukipungua, valvu hubaki imefungwa, mashine za rangi hupunguziwa kazi, na maji ya kusuuzia vitambaa hurudishwa kutumika tena.

Kiwanda kinasema kimepunguza robo nzima ya maji kiliyokuwa kikiyavuta mtoni. Kikapewa cheti kwa kutunza mazingira, na Bwana Mvua akaitwa mbele ya ukumbi akiwa na shati jeupe, akapigiwa makofi. Picha ya siku hiyo imetundikwa juu ya meza yake.

Mwandishi wa makala haya alikwenda kwa ajili ya cheti hicho. Akamkuta mtu ambaye hataki hata kukitazama.

"Ningekuwa na amri, hiyo picha ningeigeuza itazame ukuta," anasema. "Uandike yote, au usiandike kitu."

Aliingia kiwandani akiwa kijana, akibeba majora ya vitambaa, kisha akahamishiwa kwenye mapipa ya rangi. Hakukuwa na glavu za kutosha, na mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye kiwiko. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliificha chini ya meza. Chai ikaletwa, naye akabaki anaitazama tu.

"Mama mkwe akaniambia, 'Itoe hiyo mikono unywe chai, baba. Rangi ya kazi si uchafu.' Toka siku ile, mama yule namheshimu kama aliyenizaa."

Mama mkwe huyo ni mfuaji. Anakaa bondeni, chini ya kiwanda, na tangu alipofiwa na mumewe amelea watoto wake kwa beseni na sabuni. Mteja wake mkubwa alikuwa nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi. Mashuka yao meupe yalikuwa fahari yake. Aliwahi kumwambia binti yake kwamba anayaanika kwa kuringa, wapitao njia wayaone.

Miezi miwili iliyopita, jioni ya Jumatano, alimpigia mkwewe simu, mkwe akiwa bado kazini.

"Baba, Jumamosi nasafiri harusini. Hebu niangalizie kwenye kompyuta yako, huko niendako kuna mvua?"

Bwana Mvua akavimba kichwa. Mama mkwe anaomba utabiri kwake! Akafungua ukurasa uleule wa mvua anaoutumia kazini, akaandika jina la mji wa harusi, akasoma.

"Mvua kubwa wiki nzima, mama. Beba mwavuli."

"Ahsante, mkwe wangu. Kusoma kuzuri."

Akazima skrini, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Ukurasa haukurudi milimani. Ulibaki palepale, kwenye mji wa harusi.

Asubuhi ya Alhamisi bwawa la tatu lilikuwa limejaa pomoni. Tovuti ya idara ya maji ilikataa kufunguka. Kanuni ya kazi anaijua hata usingizini: dalili mbili, mvua ya milimani na kina cha mto, zikikubaliana, fungua; ikikosekana moja, kamuulize msimamizi. Hakumuuliza. Skrini ilisema mvua kubwa, na nje mawingu yalikuwa yametanda.

"Niliona maandishi, nikaona mawingu, nikajiona na mimi mtaalamu," anasema. "Nikazungusha gurudumu. Nilikuwa hata naimba."

Milimani hakukudondoka tone. Mto ulikuwa mwembamba, na maji ya kiwanda yakateremka nao bila kuchanganyika na kitu. Maji yale yalikuwa yamesafishwa, lakini si kwa kufulia mashuka meupe. Buluu iliyobaki, ambayo mto uliojaa ungeimeza, ilifika bondeni nzima nzima.

Adhuhuri, alama nyekundu ikawaka kwenye skrini. Mkazi mmoja alikuwa ameweka picha mtandaoni: mashuka juu ya mawe, yana mawimbi ya buluu, na pembeni beseni la kijani lenye ufa ulioshonwa kwa waya.

Bwana Mvua aliutambua ule waya. Aliushona yeye.

Alitoka mbio kwenda kufunga valvu, kandambili moja ikabaki mlangoni. Alipofika, la kuharibika lilikwisha haribika. Nyumba ya wageni iliyakataa mashuka yote kumi na mawili, ikamwachia mama, na wiki iliyofuata kazi ikapewa duka lenye mashine za kufulia. Harusini mama hakwenda. Alisema hana moyo wa kucheza.

Kiwandani, msimamizi aliandika kwamba rangi ya maji ilibadilika kwa muda mfupi. Bwana Mvua akapewa onyo la mdomo, mambo yakaisha. Cheti kikaja mwezi uliofuata kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini jioni ile ya Alhamisi alipofika nyumbani, alimkuta mama mkwe sebuleni. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka mtoni, pindo la gauni bado bichi.

"Mkwe wangu, nyinyi ndio mko na kompyuta huko," alimwambia. "Hebu tutafutieni huyo aliyefungua yale maji. Nataka nimwone uso tu."

Naye Bwana Mvua, mtu mzima mwenye watoto, akamjibu, "Nitaulizia, mama."

Anaposimulia hapo anasimama, anakwenda dirishani, anageuza mgongo. Wanasema uso umeumbwa na haya. Wa kwake siku hiyo ulikuwa hauna pa kuwekwa.

"Nitaulizia!" anarudia. "Sikumwambia sijui, sikumwambia ni mimi. Nikamwahidi kumtafuta mtu aliyekaa mbele yake."

Mfuaji hatupi kitambaa kizima. Mama mkwe alimpa binti yake mashuka mawili kati ya yale. Mke wa Bwana Mvua akayatandika, akarudi nyuma kuyatazama, akasema rangi si mbaya, inafanana na pazia. Mumewe akayalalia. Anasema akigeuka huku aliona buluu, akigeuka kule aliona buluu.

Mke ndiye aliyegundua. Aliona mume anatandika shuka lake mwenyewe chini, pembeni mwa kitanda, akisingizia joto. Alipombana, yakatoka yote.

"Nilicheka kwanza, kisha nikalia," anasema mke. "Nikamwambia, baba watoto, mficha uchi hazai. Ila kwa mama utakwenda kwa miguu yako. Mimi simo."

Ilimchukua siku nyingi kupata miguu hiyo. Jumapili iliyopita alimwomba mwandishi afuatane naye. "Nikiwa na shahidi sitaishia njiani," alisema. Hata hivyo, njiani alisimama kununua sukari, akasimama kununua sabuni, akasimama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mama mkwe alikuwa uani, anakamua nguo za jirani. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Huyo mgeni ni nani?"

Hakukaa. Aliweka sukari na sabuni chini, akasema akiwa amesimama, kwa mkupuo mmoja, kama mtoto anayetoa somo alilokariri: kwamba aliyefungua maji ni yeye, kwamba aliangalia mvua ya harusini akadhani ni ya milimani, kwamba hakumuuliza mtu, na kwamba jioni ile alimdanganya.

Mama aliendelea kukamua suruali mpaka haikutoa tone. Akaianika. Akaja kukaa yeye kwenye kile kiti.

"Mvua niliyokuomba mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanikalia kimya, huku unakula sahani moja na mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikwambia rangi ya kazi si uchafu," alisema taratibu. "Ya mikononi mwako. Ile uliyoniletea mtoni ni uchafu, baba. Na huo uwongo ndio uliozidi."

Bwana Mvua alijibu kwamba ni kweli. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akaeleza kwamba sasa ukurasa wa mvua umefungwa usihame milimani, na kwamba ameomba kiwanda kiwapigie wafuaji simu jioni ya kabla ya kufungua. Msimamizi amekubali, na namba ya kwanza kwenye orodha anataka iwe ya mama. Mama alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei.

"Simu nitapokea," alisema. "Lakini siku hiyo wewe usikae kwenye kompyuta. Afungue mwenzako. Wewe uje usimame na sisi majini, uyaone yanavyokuja. Na uje na lile shati jeupe la kwenye picha. Utalifua hapahapa, tukuone."

"Nitakuja, mama."

"Likitoka jeupe, utaingia ndani unywe chai."

Hakukaribishwa chai siku hiyo. Sukari ilipokelewa.

Leo, baada ya kusoma jina la mahali mara mbili, Bwana Mvua anaona kwamba milimani kutanyesha kuanzia kesho usiku, na kina cha mto kimeanza kupanda. Dalili mbili zimekubaliana. Kesho jioni atapiga simu, na keshokutwa mwenzake atashika gurudumu.

Anasema hana tumaini jingine kwa sasa ila hilo moja, kuingia tena kwenye ile nyumba na kunywa chai mikono ikiwa juu ya meza. Shati limo kwenye mfuko chini ya kiti chake, limekunjwa vizuri.

"Mke wangu amelipiga pasi," anasema. "Nikamwambia asijisumbue, linakwenda kuloweshwa. Akanijibu, 'Unakwenda ukweni.'"