Sauti ya Sophie

Hilali alikuwa na kibanda cha video mjini Kasulu, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za Kizungu: anazima maneno ya wenyewe, anaweka ya kwake, kisha anauza kwenye flashi. Sauti za wanaume aliziweza zote. Za wanawake zilimshinda. Akibana koo, wateja walicheka mahali pa kuogopa. Ndipo siku moja alipomsikia Nsimire, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akiita wanunuzi wa sabuni, akamwomba amsaidie.

Walianza na filamu za mwongozaji mmoja wa zamani, bingwa wa visa vya kutisha, marehemu siku nyingi. Nsimire hakuchukua muda kumjua. Wanawake wake wote walikuwa na nywele za manjano, nadhifu mno, na kila mara palikuwa na mtu anawachungulia.

"Kaka Hilali, umeona? Wanaume anawaua haraka. Mwanamke anamchelewesha, ili kwanza tumtazame akiogopa."

"Huo ndio utamu wake, dada. Haya, piga ukelele."

Nsimire akapiga. Hilali alivua vifaa vya masikioni, akamtazama kidogo, akasema hakuna haja ya kurudia.

Filamu ikapendwa. Ikafika Kibondo, ikaingia Busunzu, ikarudi hadi kambini. Mchana mmoja Nsimire, kwa furaha, akamkalisha mama yake, Mama Therese, kwenye benchi la mbele la kibanda cha video cha kambini. Mama alitabasamu kila alipomsikia mwanawe akimsemea yule mwanamke wa Kizungu. Kisha kisu kikaonekana, kamera ikaganda kwenye shingo ya mwanamke, na ukelele ukatoka. Vijana wakapiga miluzi. Mama Therese akasimama, akapapasa ukuta akitafuta pa kutokea.

Nsimire alimkuta nje.

"Mama, ni sinema tu."

"Hapana, mwana wangu. Ile sauti iko ya Sophie."

Sophie alikuwa dada mkubwa wa Nsimire. Walipokuwa wakikimbia Kivu, watu wenye bunduki walimburuta porini, na Nsimire, bado mdogo, alisikia yote akiwa amejificha na mama yake kwenye mihogo. Alidhani amesahau. Hata mbele ya maikrofoni hakukumbuka kitu. Sauti ilitoka yenyewe.

Aliomba kibali cha kutoka kambini, akaenda Kasulu. Hilali alimsikiliza mpaka mwisho, akaufuta ukelele ule kwenye nakala yake bila ubishi.

"Lakini zilizokwisha kutoka, dada yangu, nitazikusanyaje?"

Nsimire alirudi kambini. Kazi ile akaiacha. Kilichomkereketa ni kwamba huko vibandani watu bado wanamsikiliza Sophie na kupiga miluzi, na aliyewapelekea ni yeye.

Mama hakumlaumu hata mara moja. Ila tangu hapo, Nsimire akimwita kutoka nje ya nyumba, haitiki. Hungoja mpaka amwone uso.